Uliza Fundi: Ndani ya Datsun 240Z

Safari hii barua karibu zote ni za gari moja. Toleo lililopita tuliigusia kidogo tu Datsun 240Z, ile ya milango miwili yenye boneti ndefu iliyotoka Japani mwishoni mwa 1969, na watu wakaanza kuuliza, tena wengi hawaulizi injini. Injini yake ya L24, silinda sita mstari mmoja, mafundi wanaijua na spea wanazihangaikia mpaka zinapatikana. Watu wanauliza ndani, yaani siti, deshibodi, kapeti, waya. Basi boneti tunaifunga, tuingie ndani.

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu mjomba wangu ameniachia 240Z, imelala gereji ya shamba miaka mingi lakini injini inawaka. Ndani ndio balaa, siti zimechanika, kapeti inanuka ukungu, deshibodi ina nyufa. Kuna kijana hapa mjini anashona siti za matatu, ameniambia atavalisha kila kitu leksini nyekundu na mshono wa almasi kwa siku mbili. Nimpe kazi? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mjomba. Usimpe kwanza. Sio kwamba hajui kazi, hao vijana wa matatu kwenye cherehani wako vizuri sana, ila kwa hali uliyoeleza atakuwa anamvalisha suti mtu mwenye kidonda. Kapeti ikinuka ukungu maana yake maji yanaingia, na yakishaingia hayana pa kwenda, yanakaa kwenye bati chini ya kapeti miaka yote hiyo unayoniambia gari imelala.

Kwa hiyo anza kwa kutoa. Toa siti, toa kapeti, toa plastiki za pembeni, na kabla hujafungua hata skrubu moja piga picha za kila kona na simu, halafu skrubu za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake uandike kwa peni, hizi za siti ya dereva, hizi za mlango wa kushoto, kwa sababu kazi hizi huwa zinaanza kwa mwezi mmoja zinaisha mwaka unaofuata na hapo hakuna anayekumbuka kitu. Usitupe chochote. Hata kitambaa kilichooza kabisa ndio patani ya fundi wako wa siti, bila hicho atakata kwa kukisia.

Chini ya kapeti utakutana na tabaka jeusi kama lami limegandana na bati. Hilo ni la kiwandani, liliwekwa kupunguza kelele na mtetemo, na ndilo linaloficha kutu. Chukua mpini wa bisibisi ugonge taratibu ukisikiliza, bati zima linalia kwa sauti kali, lililoliwa linalia bubu, na kisha geuza bisibisi ubonyeze, ncha ikizama basi jibu umelipata. Kulibandua unatumia hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa moto, na patasi bapa, unapasha kidogo unakwangua, unapasha unakwangua, milango wazi na barakoa usoni maana moshi wake sio wa kuvuta. Ukiwa mahali unapoweza kupata barafu kavu kazi inakuwa rahisi zaidi, unaimwaga juu inakaa dakika kadhaa, lami inakuwa ngumu kama kioo, ukigonga na nyundo inapasuka yenyewe. Ila vaa glovu nene na usijifungie ndani ya gari, ile hewa inayotoka ni kaboni dayoksaidi, inasukuma hewa safi nje na mtu anaweza kuzimia.

Sasa kabla ya kuita mtu wa kuchomelea tafuta maji yanatoka wapi. Kwenye 240Z mshukiwa wa kwanza ni lile tundu refu chini ya kioo cha mbele, pale wiper zinapotokea, majani yanaingia yanaziba njia ya maji kutoka, maji yanajaa yanamwagikia miguuni. Baada ya hapo angalia raba ya kioo cha mbele na raba ya mlango wa nyuma. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji nje aanzie chini akipanda juu polepole, ukianzia juu kila kitu kinalowa na hujui kosa liko wapi.

Bati lililooza likatwe mpaka kwenye chuma kizima, ndio lichomelewe jipya. Wako mafundi wanaopigia kiraka juu ya kutu, ukiona hivyo chukua funguo zako. Halafu praima ya epoxy, silanti kwenye maungio, rangi. Kwa kelele tumia zile shiti za butili, raba inayonata, zenye foili juu, na huna haja ya kufunika gari nzima, ukibandika robo hivi ya eneo la kila bati, pale katikati panapotetema, umepata sehemu kubwa ya faida. Kuna watu wanaweka lami ya kuezekea nyumba kwa sababu ni rahisi. Jua la saa saba litakuonyesha, inalainika, inanuka, inadondoka.

Hapo sasa kijana wako aje. Mwambie sponji iwe ngumu ya kukalia, sio ya godoro, na akae yeye mwenyewe kwenye siti kabla hajafunga kitambaa. Rangi nyekundu ni yako na gari ni yako, sikuzuii. Lakini ile almasi anayoitaka kuiweka kwenye siti, kiwandani waliiweka kwenye handaki la giaboksi, lile tuta la katikati ya siti mbili, na kwenye yale mabega ya nyuma yanapokaa shokabu, siti zilikuwa na mshono wake tofauti. Ukiweka almasi kila mahali ile ya asili haionekani tena, na mimi ndiyo kitu ninachokipenda kuliko vyote mle ndani.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Maskati, nimenunua 240Z ya usukani wa kushoto. Deshibodi juu imepasuka mistari minne hivi, na kitambaa cha darini kinashuka. Kuna mtu anauza kava ya plastiki ya kugundisha juu ya deshibodi, anasema nusu saa imeisha. – *Msomaji, Oman*

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Nusu saa ni kweli inaisha. Tatizo ni siku utakayotaka kuitoa, ile gundi ya silikoni inayoishika inaondoka na ngozi ya deshibodi, na hapo huna tena cha kutengeneza. Kama gari ni ya kwendea kazini na bajeti ni ndogo iweke, hakuna atakayekufunga. Kama ni gari unayotaka mwanao aje aiendeshe, soma kidogo.

Deshibodi ya gari hii ndani ni fremu ya chuma, juu yake kuna sponji ya poliyurithani, juu ya sponji ngozi nyembamba ya vinili. Jua linakausha yale mafuta yanayoifanya vinili iwe laini, ngozi inanywea, sponji chini haitaki kunywea nayo, basi inapasuka na kingo zinajikunja juu. Ndiyo maana pati ya bodi, ile ya kujazia mabonde ya bati, haifai kabisa hapa. Pati ikikauka ni jiwe, deshibodi inatanuka mchana inanywea usiku, ufa unarudi pembeni mwa pati yako, tena sasa una nyufa mbili.

Itoe deshibodi nje. Najua inatisha lakini ni boliti na skrubu, waya wa spidomita, na soketi za umeme ambazo kila moja utaifunga kipande cha maskintepu na kuandika inaenda wapi. Betri iwe imeshafunguliwa kabla ya yote hayo. Kisha ioshe, na sio kuosha kwa kupitisha kitambaa. Zile spreyi za kung'arisha deshibodi zina silikoni, imepakwa miaka na miaka, na rangi ikikutana na silikoni inajikusanya inaacha vidoa vya duara kama macho ya samaki. Tumia dawa ya kuondoa silikoni, rudia mara kadhaa, badilisha kitambaa kila mara.

Kwenye ufa, kata zile kingo zilizokunjamana mpaka ufike kwenye ngozi iliyolala vizuri, uupe ufa umbo la herufi V, yaani pana juu nyembamba chini. Mtu anaogopa kuongeza tundu lakini usipokata, uvimbe utauona mpaka mwisho. Jaza na fila laini ya mchanganyiko wa vitu viwili, ile inayobaki inapinda baada ya kukauka, ipo ya plastiki na vinili, muulize muuza rangi za gari. Msasa wa 80 kwa kushusha, 180, halafu 320, ukitumia kidole kuliko jicho. Baada ya hapo ni spreyi ya kurudisha vile vipele vya ngozi, fanya mazoezi kwenye kipande cha boksi kwanza maana ukisogeza kopo karibu vipele vinakuwa vikubwa, ukirudisha nyuma vinakuwa vidogo, na unatafuta vifanane na vya zamani. Malizia na rangi ya vinili, nyeusi isiyong'aa. Inayong'aa inaakisi kwenye kioo na ukiendesha jua likiwa mbele huoni barabara.

Kwa kweli kazi bora kuliko zote ni kuipeleka kwa wale wanaovalisha ngozi mpya nzima kwa mashine ya kufyonza hewa, inarudi kama imetoka kiwandani. Bei yake lakini ukae chini kwanza.

Kitambaa cha darini ni habari ya gundi. Kontakti ya kawaida ya fundi viatu inaachia joto likipanda, na paa la gari likiachwa juani huko kwenu linapita nyuzi 70 bila shida. Nunua gundi iliyoandikwa ni ya darini ya gari, ya joto kali, paka pande zote mbili, subiri mpaka ikiguswa hainati kidoleni, ndio ubandike ukianzia katikati kwenda pembeni. Na weka pazia la jua kwenye kioo, hata la boksi.

SWALI: Fundi habari. Gari letu ni la mume wangu lakini mimi ndiye ninayeumwa kichwa. Tukifunga madirisha barabara ya Malindi harufu ya moshi inajaa ndani, tukifungua la kwangu ndio inazidi. Amebadilisha ekzosi nzima haijasaidia. – *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Nzuri dada. Huu ugonjwa ni maarufu sana kwa hizi gari na mwambie mumeo asinunue ekzosi nyingine. Umbo la nyuma la 240Z linafanya hewa ijikunje nyuma ya gari inapokimbia, moshi badala ya kuachwa unarudi unafyonzwa kwenye kila kitundu. Ukifungua dirisha ndio unaongeza mvuto, ndiyo maana inazidi.

Atafute raba ya mlango wa nyuma kwanza. Aweke noti ya karatasi, afunge mlango, avute, ikitoka bila kushikwa basi raba imekufa pale, azunguke mlango mzima hivyohivyo. Halafu raba za taa za nyuma, hizi watu huwa wanazisahau, zimekauka zimekuwa kama biskuti. Kisha vifuniko vya raba kwenye sakafu ya tairi la spea na kila tundu ambalo waya unapita. Ukitaka kuhakikisha, usiku mtu alale ndani nyuma, gari imezimwa, mwingine amulike tochi kwa nje, panapopita mwanga moshi nao unapita.

Kichwa kuuma usikichukulie poa dada. Harufu ni ya mafuta yasiyoungua, kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu. Mpaka itengenezwe, watoto wasipande.

SWALI: Mambo fundi, niko Arusha. Nataka 240Z yangu iwe kama zile za Safari Rally, ndani kavu kabisa, hakuna kapeti, keji ya mabomba, siti za baketi, mikanda ya pointi nne. Gari natumia mjini na wikendi. Wapi nitapata mabomba mazuri? – *Msomaji, Arusha*

JIBU: Poa sana mdogo wangu, na damu unayo. 240Z ilishinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta na Lofty Drews, ile ambayo Mehta alilingana pointi na Harry Källström wa Datsun nyingine, akapewa ushindi kwa sababu alienda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi ya kwanza. Kwa hiyo gari hii huku kwetu sio ya maonyesho tu, imekula vumbi la kweli.

Lakini wale jamaa walikuwa na helmeti kichwani. Keji ya chuma karibu na kichwa kitupu, ukigongwa na bodaboda tu kwenye makutano, bomba lilelile la kukuokoa ndilo linalokupasua. Foamu za keji zinasaidia kiasi, hazifanyi iwe salama kwa mtu asiye na helmeti. Mikanda ya pointi nne nayo inataka mahali sahihi pa kufungwa nyuma ya mabega. Watu wanaifunga sakafuni nyuma ya siti, gari ikisimama ghafla mkanda unavuta mabega kwenda chini na uti wa mgongo unabanwa. Kwa gari ya mjini weka mikanda ya pointi tatu inayojivuta, kwenye matundu ya kiwandani, ile ya zamani isiyojivuta ndiyo watu hawaifungi kabisa.

Na ndani kavu bila kapeti, handaki la giaboksi linapika mguu. Nenda Moshi na urudi mchana ndio uniandikie tena.

Sasa nikuambie ungefanya nini ukapata sura ile. Siti za baketi sawa, lakini zikae kwenye bano linalotumia boliti za siti za zamani, usitoboe sakafu, lile bati ni jembamba na washa peke yake haitashika kitu. Pima kichwa kwanza, paa liko chini, ukipandishwa sentimita chache unaendesha umeinama. Wengi duniani huweka siti za Mazda MX-5 kwa sababu ni ndogo na zina starehe. Mbele ya abiria tengeneza bano la kubeba vyombo vya neviga, yule msoma ramani wa rally, zile mita za Halda za Sweden za kupimia umbali zilikuwa kwenye rally karibu zote za miaka hiyo, ukipata nzima ni bahati. Taa ya kusomea ramani yenye shingo ya kupinda. Swichi za chuma kwenye kipande cha alumini kinachokaa kwenye nafasi ya ashitrei. Vyote hivyo vinatoka kwa bisibisi ukichoka, na ukichoka utachoka tu, mimi nawajua vijana wa keji.

SWALI: Fundi, nikiwasha taa kubwa zinafifia na swichi kwenye usukani inapata moto. Pia nataka redio ya bluetooth, fundi umeme anasema lazima akate deshibodi kidogo. – *Msomaji, Thika*

JIBU: La kwanza ni hatari, usiendeshe usiku. Kwenye gari hii umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya hiyo swichi, hakuna rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa kwa amri ya swichi ndogo. Umri umefika, vidole vya shaba ndani vimechakaa, vinapata joto, plastiki inayeyuka. Weka rilei mbili, moja ya taa fupi na moja ya ndefu, zenye fyuzi zake na waya mnene kutoka betri, swichi ibaki na kazi ya kuamrisha tu. Taa zitang'aa mpaka ushangae. Ukiwa hapo toa kifuniko cha boksi la fyuzi, angalia pale plastiki ilipobadilika rangi, ni kawaida kuyeyuka. Na ile ampmita kwenye saa za katikati, umeme wa kuchaji unapita ndani yake, kama nati zake nyuma zimelegea zinaweza kuwasha moto. Kaza, au pitisha umeme pembeni na uweke voltimita.

La redio, huyo fundi umeme mshukuru, mnywe chai, aende zake. Ampilifaya ndogo yenye bluetooth inakaa chini ya siti, spika unatengenezea boksi nyuma lisilofungwa na kitu zaidi ya mkanda, redio ya zamani inabaki mahali pake hata kama haiimbi. Tundu ukishalikata kwenye deshibodi ya 240Z, deshibodi nyingine utaitafuta ng'ambo na utailipia kwa dola.

SWALI: Usukani wangu ule wenye sura ya mbao umepauka na una nyufa ndogo, nivalishe ngozi? Nataka kuupeleka kwenye Concours Nairobi. – *Msomaji, Kampala*

JIBU: Kwa Concours d'Elegance, yale mashindano ya urembo wa magari pale Ngong Racecourse, usivalishe, majaji wanachungulia ndani na ngozi mpya wanajua inaficha kitu. Utoe, jaza nyufa kwa epoxy iliyochanganywa na rangi ya kahawia, msasa laini, rangi nyembamba ya mbao, klia, yaani rangi ya kinga isiyo na rangi, isiyong'aa sana. Mikono yake mitatu ya chuma ifunike kwa maskintepu kabla ya kupuliza. Na kitufe cha honi kipime kabla ya kuondoka Kampala, kwa sababu waya wake mdogo huwa unabanwa wakati wa kurudisha, na honi ikikataa mpakani Busia hakuna atakayekuhurumia.